Kufuata nyayo za Mzee Kenyatta London kwa miguu: nianzie wapi?

Mwalimu wa Buruburu

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Nairobi, na mwezi wa Agosti nitakwenda Uingereza kumtembelea dada yangu. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu kuiona sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta pale KICC, na hakosi mtoto wa kuniuliza Mzee alikuwa akifanya nini huko Ulaya muda wote ule. Huwaeleza kwamba Kikuyu Central Association, chama cha Wakikuyu kilichodai ardhi yao, kilimtuma London mwaka 1929, akarudi 1930, akaenda tena 1931, na hakukanyaga tena ardhi ya nyumbani hadi 1946. Miaka ninaijua, lakini mahali penyewe sipajui. Ningependa kutenga siku moja nitembee kutoka alikolala hadi alikosoma na kufanya kazi. Nimeona anwani ya Cambridge Street. Je, iko London au katika mji wa Cambridge? Na hizo sehemu nyingine, zinafikika kwa miguu?

Msafiri wa South B

Mwalimu, Cambridge Street iko London, katika mtaa wa Pimlico, mwendo wa kama dakika kumi kutoka stesheni ya Victoria. Tafuta nyumba namba 95. Ukutani kuna kibao cha mviringo cha rangi ya buluu kinachoeleza kwamba Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya aliishi pale kati ya 1933 na 1937. Ni nyumba ya watu, kwa hiyo usibishe hodi. Simama ng'ambo ya barabara, utaona vizuri. Mimi nilisimama pale kitambo, kwa sababu nilitarajia jumba la heshima, nikakuta nyumba nyembamba iliyobanwa katika safu ya nyumba zinazofanana, nikakumbuka kwamba Mzee alikuwa mpangaji tu, na si mara zote alikuwa na kodi mkononi.

Ukitoka hapo, elekea Whitehall, zilikokuwa ofisi za Wizara ya Makoloni zilizopokea malalamiko yetu kuhusu ardhi, kisha upite Trafalgar Square hadi Houghton Street kwenye chuo cha LSE (London School of Economics). Hapo ndipo aliposoma anthropolojia chini ya Bronisław Malinowski, na tasnifu yake ikazaa kitabu cha Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938.

Usiishie hapo, tafadhali. Panda kaskazini hadi University College, Gower Street, kwa kuwa ndiko alikofanya kazi ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Katika idara ya fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, Mzee alilipwa ili atamke Kikuyu, neno baada ya neno, huku mtaalamu Lilias Armstrong akisikiliza na kuandika jinsi sauti inavyopanda na kushuka, kwa maana katika lugha hiyo kupanda na kushuka huko kunaweza kubadili maana ya neno. Kitabu cha Armstrong kilichapishwa mwaka 1940, na sauti iliyochunguzwa humo ni ya Mzee.

Njia yote haizidi kilomita sita hivi, kama kutoka Stesheni ya Reli hadi Westlands na mbele kidogo.

Mama Kariokor

Namshukuru Msafiri kwa maelezo yake, ila naona ameiacha nusu ya safari. Kibao kile kinahesabu miaka minne tu. Vita vilipoanza mwaka 1939, Mzee alihamia Storrington, kijiji cha Sussex Magharibi, akakaa huko hadi vita vilipokwisha. Alifanya kazi ya kibarua shambani, kisha katika nyumba za vioo za kuoteshea nyanya, na alikuwa na kipande chake cha ardhi alicholima mboga na kufuga kuku. Huko ndiko alikomwoa Edna Clarke mwaka 1942, na mwana wao, Peter Magana, akazaliwa mwaka uliofuata. Mwalimu, ukitaka kuona alikofanya kazi kwa mikono yake, panda treni katika stesheni ile ile ya Victoria hadi Pulborough, kisha uchukue basi.

Msomaji wa Nyaraka

Nyongeza fupi: ukiingia maktaba yoyote huko, tafuta pia jina la Johnstone Kenyatta. Jina la Jomo alianza kulitumia hadharani katika kile kitabu cha 1938, kwa hiyo ukitafuta Jomo pekee katika karatasi za kabla ya hapo, huenda ukaambiwa hakuna kitu.

Mwalimu wa Buruburu

Nawashukuru nyote. Nimeamua kutenga siku mbili. Ya kwanza nitaanzia Pimlico na kumalizia Gower Street, na ya pili ni ya Storrington, Mama Kariokor, hata mvua ikinyesha. Marehemu mama yangu alilima nyanya Mwea maisha yake yote, na darasani nina watoto wengi ambao wazazi wao ni vibarua wa mashamba ya watu. Nimefundisha somo hili miaka kumi na tisa bila kuwaambia kwamba Mzee naye aliwahi kuamka alfajiri kwenda kuhudumia nyanya za mwajiri.