Singapore hadi New York: moja kwa moja, Tokyo au Frankfurt?

Msafiri_K: Wakuu, nalinganisha safari za Changi (uwanja wa Singapore) hadi New York. Ya moja kwa moja inaonyesha masaa 18 na nusu hivi, ya Tokyo zaidi ya 22, ya Frankfurt karibu 24. Kwenye ramani Tokyo naona kama ni kuzunguka. Mnashaurije?

BintiRamani: Ramani bapa haifai kwa hili, dunia ni mviringo. Njia fupi kabisa ni kama kilomita 15,300, tena inapita karibu na Ncha ya Kaskazini. Changi hadi Narita (uwanja wa Tokyo) ni kama 5,350, Narita hadi JFK (uwanja wa New York) 10,850, jumla 16,200. Kwa Frankfurt ni 10,300 na 6,200, jumla 16,500. Umeongeza kilomita 900 au 1,200, yaani saa moja na ushei angani. Masaa mengine yanaliwa kwenye kutua, kusubiri na kuruka upya, na kwa Frankfurt pia na upepo wa usoni.

Dirishani: Nyongeza kwa BintiRamani: kwenda New York, ndege ya moja kwa moja mara nyingi haipiti nchani. Inakata Pasifiki ili isukumwe na upepo mkali wa juu unaovuma kuelekea mashariki. Kilomita zinaongezeka, masaa yanapungua. Sasa mkuu, Tokyo kuzunguka kuko wapi? Ipo karibu na njia yenyewe.

MamaSanduku: Mnahesabu kilomita, kiti je? A350-900ULR ya Singapore Airlines, ndege ya hiyo safari ya moja kwa moja, ina viti 161 tu: 67 vya daraja la biashara, 94 vya daraja la kati (premium economy). Daraja la kawaida halimo kabisa! Usije ukalinganisha nauli yake na ya daraja la kawaida kupitia Tokyo ukadhani unalinganisha safari.

Msafiri_K: Ahaa, kumbe. Nilikuwa nashangaa hiyo nauli.

Dirishani: Mimi ningechukua Tokyo. Masaa 7, unyooshe miguu, kisha 13. Ila kata tiketi moja kwa safari nzima. Ukikata mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili ni shauri yako.

MamaSanduku: Frankfurt nayo isidharauliwe. Ipo safari ambayo ndege inatua hapo kama masaa mawili kisha inaendelea JFK, kwa hiyo hamna cha kukimbizana na ndege nyingine. Angalia tu kama pasipoti yako inadai viza ya kupita uwanjani Ujerumani.

Msafiri_K: Asanteni. Kuna tiketi ya moja kwa moja ya Julai inayoondoka Changi saa sita usiku na kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tarehe ileile. Masaa sita na nusu?!

BintiRamani: Hizo ni saa za kila mji. Majira hayo New York iko nyuma ya Singapore kwa masaa 12, jumlisha upate 18 na nusu. Novemba New York wakirudisha saa nyuma, tofauti inakuwa 13.