Naomba ushauri: jasho la kontena kwenye ufuta wa magunia

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaosafirisha nafaka na mbegu za mafuta kwa meli.

Tunapakia ufuta hapa Dar, magunia 380 ya kilo 50, yaani tani 19 kwenye kontena la futi 20, kwenda Qingdao, China. Ukifika kule majira ya baridi, bati la juu linapoa haraka kuliko mzigo, mvuke unageuka matone na dari linadondosha. Safu ya juu inafika na madoa, punje zimeshikana mabonge na zinanuka uvundo. Safu za chini kavu kabisa.

Kontena halivuji. Tunajifungia ndani mchana kutafuta tundu la mwanga, hakuna. Unyevu wa ufuta tunaupima kwa mita kabla ya kushona magunia, haupiti asilimia 6. Tumetandika karatasi ya kaki juu na ubavuni, tukaning'iniza mifuko 8 ya kalsiamu kloraidi (chumvi inayofyonza unyevu), kilo 1 kila mmoja. Inafika imejaa maji pomoni! Kwa hiyo unyevu unatoka kwingine, na mimi nashuku sakafu: kontena tupu mara nyingi huoshwa, mbao zikabaki mbichi kwa ndani hata kama juu zimekauka.

Je, mbao za sakafu mnazipima kwa kifaa gani, na zikizidi asilimia ngapi mnalikataa kontena? Na kwa safari ya baridi, mifuko mnaweka mingapi?

Tunapakia wiki ijayo, natanguliza shukrani.