Betri ya maji, betri kavu au lithiamu: pikipiki inagoma kuwaka asubuhi, ninunue ipi?

Mshika Usukani (mleta mada):
Ndugu wanajamvi, salamu kwenu. Kwa muda wa wiki 2 sasa pikipiki yangu inagoma kuwaka asubuhi. Nikibonyeza stata husikika mlio wa tak-tak-tak na taa za dashibodi hufifia, lakini nikiisukuma ikawaka, hunitumikia siku nzima bila tatizo. Nimeamua kununua betri mpya mwishoni mwa juma hili, ila ninasita kati ya betri ya maji, ambayo ni nafuu, betri kavu, ambayo wengi huisifu, na ya lithiamu, ambayo nimeambiwa ni nyepesi na hudumu miaka mingi. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, kwa kuwa pikipiki hii ndiyo inayonifikisha kazini.

Spana Kumi:
Mkuu, hujatueleza injini ina ukubwa gani, pikipiki ina kiki au haina, betri iliyopo ina umri gani, wala kama umeongeza kifaa chochote kinachotumia umeme. Zaidi ya hayo, hujatuambia mita inasoma ngapi. Betri ya asidi (iwe ya maji au kavu) ya volti 12 iliyojaa na kutulia kwa saa kadhaa husoma kati ya 12.6 na 12.8, ikisoma 12.4 imebaki na takribani robo tatu, na ikifika 12.0 imekaribia kuisha. Pima ikiwa imetulia, pima tena wakati unapiga stata, kisha pima injini ikiwa inanguruma kwa mwendo wa kati, ambapo inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.5. Tuletee namba hizo tatu kwanza, maana mlio wa tak-tak-tak unaonyesha tu kwamba rilei ya stata (swichi inayopeleka umeme kwenye stata) inakosa umeme wa kutosha, na hilo linaweza kusababishwa hata na kichwa cha betri kilicholegea au kilichoota ukungu mweupe.

Gia ya Tano:
Nakubaliana na vipimo, lakini kuhusu swali lenyewe, chukua betri kavu. Asidi yake imenyonywa na pamba ya nyuzi za kioo iliyobanwa katikati ya sahani za risasi zilizo ndani ya betri, hivyo haichezi wala haimwagiki barabara inapokuwa mbovu, na hutalazimika kuchungulia kiwango cha maji kila mwezi. Betri ya maji haina ubaya kwa mtu mwenye nidhamu, ila wengi wetu hukumbuka maji baada ya sahani kukaa wazi na kuharibika.

Waya Mweusi:
Naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu yalinigharimu betri 2 na sitamani yampate mwingine. Pikipiki yangu ilianza kugoma kama hivi, fundi akaitazama tu na kusema betri imekufa. Nikanunua ya maji. Kila wiki nilikuta maji yamepungua, nami nikaendelea kuongeza nikidhani ni joto, mpaka ikafa kabisa. Nikaamua aina hiyo haifai, nikanunua betri kavu, na baada ya muda mfupi nikaikuta imevimba ubavuni, inanuka kama yai viza, huku rangi ya fremu chini yake ikiwa imebabuka kwa asidi iliyomwagika kutoka kwa ile ya kwanza. Ndipo rafiki alipokuja na mita, akaongeza mafuta kidogo, na mita ikasoma zaidi ya volti 16. Kosa halikuwa la betri ya kwanza wala ya pili: regulata ilikuwa imeungua na haikuzuia tena umeme unaotoka kwenye koili za kuchaji, na plagi inayoziunganisha ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Ndugu mleta mada, fungua plagi hiyo uitazame kwa macho yako kabla hujatoa hela.

Mpanda Milima:
Pole kwa hayo. Hata hivyo, nashangaa lithiamu inapitwa haraka hivi. Yangu ina uzito wa karibu theluthi moja ya ile niliyoitoa, na ikikaa bila kutumika hupoteza chaji kidogo sana.

Spana Kumi:
Mkuu, hupoteza kidogo ikiwa hakuna kinachoivuta. Tena, nyingi huuzwa kwa Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba) za kulinganisha, si Ah halisi zilizomo ndani, hivyo kifaa kinachonyonya umeme usiku huimaliza upesi kuliko inavyotarajiwa, na lithiamu ikiisha hadi chini kabisa inaweza isirudi. Regulata kama ile ya Waya Mweusi ingekuwa hatari zaidi kwake. Hata chaja inataka uangalifu, kwa kuwa zile zenye hatua ya kuondoa salfati (ukoko unaoganda kwenye sahani za betri za asidi) hupandisha volti kupita kiwango ambacho lithiamu inavumilia.

Kofia Ngumu:
Kabla ya kununua, aongeze maji ya betri kwenye hiyo ya zamani, aichaji usiku kucha aone.

Waya Mweusi:
Maji yapi, ndugu? Watu huita "maji ya betri" vitu viwili tofauti. Asidi humiminwa mara moja, betri ya maji ikiwa mpya na haina kitu ndani. Baada ya hapo kinachopungua ni maji, na kinachoongezwa ni maji yaliyosafishwa kwa mvuke.

Kofia Ngumu:
Nimeona wengi wakiongeza asidi na betri ikaamka.

Waya Mweusi:
Huamka kwa siku chache, kisha asidi iliyozidi makali huzila sahani. Ikiwa maji hayakumwagika, asidi yote bado imo ndani. Naomba tusimpe mtu ushauri huo.

Mshika Usukani:
Samahani kwa kuchelewa. Injini ni ya cc 150, haina kiki, betri ni kavu ya Ah 7 na imetimiza miaka 3. Niliweka king'ora na soketi ya kuchajia simu mwaka jana. Jana usiku nilipoitoa kwenye chaja ilisoma 12.7, asubuhi ikasoma 12.1, na nilipopiga stata ikashuka hadi 8.9. Injini ikinguruma husoma 14.2.

Spana Kumi:
Sasa tunaongea. Kwa 14.2, regulata na koili zinafanya kazi. Ila 12.7 ya papo hapo baada ya chaja haiaminiki, ilipaswa kutulia kwanza. Chomoa waya hasi wa betri, unganisha mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa hasi, ufunguo ukiwa umezimwa, na usiguse stata mita ikiwa hapo.

Mshika Usukani:
Imesoma miliampea 60. Nilipochomoa fyuzi ya king'ora, ikashuka hadi 2.

Gia ya Tano:
Basi mwizi ni king'ora! Kiondoe, betri itapona.

Spana Kumi:
Siyo kirahisi hivyo. Miliampea 60 kwa saa 10 ni Ah 0.6 tu, na betri nzima ya Ah 7 isingeshuka hadi 12.1 kwa kiasi hicho. King'ora kinavuta, lakini naamini betri nayo imechoka.

Mpanda Milima:
Hata betri nzima ingemalizwa na hicho kifaa ndani ya siku 5 za kuegeshwa. Mimi ningeanza na king'ora.

Waya Mweusi:
Ichaji kwa ampea 0.7 mpaka ijae, iache itulie, pima, kisha ilaze usiku waya zote zikiwa zimechomolewa, ukianza na hasi. Ikishuka ikiwa peke yake, tatizo ni la betri yenyewe.

Mshika Usukani:
Imelala peke yake. Jioni ilikuwa 12.5, asubuhi 12.3.

Gia ya Tano:
Imeshuka kidogo tu, inafaa bado.

Spana Kumi:
Betri kavu iliyojaa haitulii kwenye 12.5, mkuu. Rudisha waya, ukianza na chanya, acha fyuzi ya king'ora nje, kisha utuambie inashuka hadi ngapi unapopiga stata.