Re: Avoka wa kuleta familia: kwa saa ao kwa forfe?

Yaya, jambo. Umefanya vizuri kuuliza, mbele ya kusaini, kama avoka wa kuleta familia huku Ubelgiji umulipe kwa saa ao kwa forfe. Mi minaona umuombe forfe, bei moja ya kazi yote, ju dosie ya kuleta bibi na watoto iko na njia inajulikana, avoka ameshazifanya nyingi. Kwa saa utaumia. Watoto wako na jugement supplétif ya Bukavu (karatasi ya tribinali inayochukua nafasi ya cheti cha kuzaliwa), jina halifanani na ya paspoti, utapiga simu kila mara kueleza na kila simu inahesabiwa. Saa ikiwa 120 euro, robo saa ya simu ni 30, TVA, kodi ya serikali, haijaingia bado.

Lakini forfe bila karatasi usikubali hata kidogo. Huku Ubelgiji avoka analazimika kukueleza mapema namna atahesabu feza yake, basi aandike kazi gani iko ndani na inaishia wapi. Office des étrangers, ofisi ya serikali inayoamua dosie za wageni, ikikataa, uko na siku 30 tu za kukata rufaa kwa Conseil du contentieux, tribinali ya mambo ya wageni, je iyo rufaa iko ndani ao utalipa upya? Kutafsiri karatasi na kuzilegalize (kuzipigisha muhuri wa kuthibitisha), nani analipa? Na uulize bei iko na TVA ao hapana, ju 1500 ukiongeza 21% inakuwa 1815, na iyo 315 njo inavunja watu.

Mwenye kukuambia "utalipa tu tukishinda" umuache, malipo yanayotegemea ushindi peke yake sheria ya huku inakataza.

> Asante mudogo. Na kama mshahara ni kidogo? Tena tuko na kesi ya parsele (kiwanja) kule Bukavu, nayo nitake forfe?

Yaya, mshahara ukiwa kidogo anza na Bureau d'aide juridique, ofisi ya musaada wa sheria, wanaangalia mapato yako na wanaweza kukupa avoka wa pro deo, yule hulipwi na wewe. Bandugu wengi wanamuzarau, inaniuma sana, ju ni avoka wa baro (chama cha maavoka) ileile, serikali njo inamulipa.

Parsele ni ingine kabisa. Kesi inaahirishwa mara na mara, hakuna anayejua mwisho, avoka akichukua forfe nzima leo kesho anachoka na dosie yako. Lipa kwa hatua: kufungua kesi, kisha hukumu ya kwanza, rufaa mutaongea siku ikifika. Na risiti aitume kwako wewe, isipitie kwa shemeji.