Naomba ushauri: chuma cha kale kimefukuliwa shuleni kwetu Tanga, nahofia ni kombora

Ndugu zangu, habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini. Leo asubuhi mafundi wanaochimba shimo la choo wamekuta kitu kinachotutia hofu.

Ni chuma cha mviringo, urefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, upande mmoja umechongoka. Kimeliwa na kutu mpaka kinabanduka magamba, ila karibu na kitako kuna mkanda wa shaba uliogeuka kijani, wenye mikwaruzo iliyolala mshazari. Mkanda huo ndio unaoninyima raha, maana makombora ya mizinga huwa na mkanda kama huo, na mikwaruzo hiyo huachwa na mtutu linaporushwa. Novemba 1914 Waingereza walipoishambulia Tanga, manowari yao Fox iliupiga mji mizinga. Huenda hili ni kombora lililorushwa wakati huo likagoma kulipuka.

Uchimbaji tumesimamisha, tumezungusha kamba, na watoto tumewarudisha nyumbani. Hakuna anayekigusa. Ila walimu tumegawanyika: wapo wanaosema twende polisi, wapo wanaotaka kuwaita kwanza watu wa mambo ya kale. Na wanunuzi wa vyuma chakavu wameshaanza kuulizia, jambo linalonitisha kuliko yote, maana wao ni nyundo tu.

Naomba kujua: niende kituo cha polisi moja kwa moja, au nipitie kwa afisa elimu kata, ili wataalamu wa mabomu wafike haraka? Na wakishalitegua, shule inaweza kuomba ganda lake kwa somo la historia? Barua inaandikwa kwa nani?