MuseScore au Dorico kwa nota za kwaya: urahisi au mamlaka juu ya ukurasa?

mwl_gangilonga:
Wakuu, naomba ushauri. Hapa Iringa tuko walimu wanne wa kwaya, tunachapa nota za sauti nne kwa MuseScore 4, programu ya kuchapa nota kwenye kompyuta. Kuingiza nota ni rahisi, mgeni anashika ndani ya jioni moja. Kazi ipo kwenye ukurasa. Nikishapanga kila kitu kwa mausi, mwenzangu akibadilisha neno moja la ubeti wa pili, mpangilio wote unavurugika. Wengine wanasema tununue Dorico Pro, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo ya kitaalamu. Tuna pia mafaili ya programu ya Finale, na watengenezaji wake, MakeMusic, walitangaza Agosti 2024 kwamba hawaiendelezi tena. Twende wapi?

nota_mwanjelwa:
Mwalimu, kabla ya kutoa hela, acha mausi. Ukiburuta alama, MuseScore inakumbuka umbali wake kutoka pale ambapo yenyewe ingeiweka. Neno likirefuka nota inasogea, alama inaifuata na umbali uleule, ndiyo maana f (alama ya kuimba kwa nguvu) ya besi inaangukia juu ya silabi.

Hifadhi nakala ya faili kwanza. Kisha Ctrl+A, halafu Ctrl+R: vyote ulivyoburuta vinarudi mahali pake. Sasa toa amri mara moja kwa wimbo mzima. Nenda Format, Style, Dynamics (alama za nguvu ya sauti), uchague Above, yaani juu ya mistari, maana chini ya mistari ni mahali pa maneno. Maneno yenyewe yapunguze kutoka pointi 10 hadi 9. Kwenye Page settings, nafasi ya mstari na mstari ishushe kutoka mm 1.75 hadi 1.5. Kimo cha mistari mitano kinakuwa mm 6 badala ya 7, na A4 inabeba safu tatu za sauti nne hata zenye beti mbili. Usishuke zaidi ya hapo: nakala za steshenari zikitolewa fotokopi juu ya fotokopi, mistari inafifia na waimbaji wa nyuma hawaoni kitu.

Kukata safu, chagua kipimo (chumba kati ya mistari miwili ya wima) cha mwisho wa sentensi ubonyeze Enter. Ukimaliza, Format, Save style. Hilo faili dogo la .mss wapeni wote wanne, kila wimbo utoke na sura moja.

silabi_tukuyu:
Mara nyingi kinachovuruga ni silabi. "Mtakatifu" ina silabi tano, m-ta-ka-ti-fu. "Nchi" mbili, n-chi. Lakini "Mbeya" ni Mbe-ya, hapo m haisimami peke yake. Ukiandika "Mta" kwenye nota moja, maneno yote yanayofuata yanatangulia kwa nota moja, na watu wanaanza kuburuta. Palipo na vokali mbili kwenye nota moja, kama "we u" katika "wewe uliye", andika we, Ctrl+Space, u. Space ya kawaida itakurusha nota inayofuata.

mhariri_njombe:
Yote sawa, ila Dorico msiifanye anasa. Kuandika kuna chumba chake na kupanga ukurasa kuna chake, kwa hiyo anayesogeza nafasi hawezi kugusa sauti ya nota kwa bahati mbaya. Pia faili moja linabeba nyimbo nyingi, kila moja na kichwa chake. Kama mnatengeneza kitabu cha nyimbo 40, hapo ndipo thamani yake inaonekana. Anunue mmoja, yule wa kupanga kitabu. Wengine wachape kwa MuseScore na kumtumia MusicXML, faili ambalo programu zote hizi zinalisoma, bila kupamba ukurasa, kwani nota na silabi zinavuka salama lakini mapambo mengi yanabaki njiani.

Finale msingoje. Maadamu kompyuta yenye programu hiyo bado inawaka, fungua kila faili, toa MusicXML, toa na PDF ya kulinganishia. Mkague hasa ubeti wa pili na miisho ya marudio, ya 1 na ya 2.

mwl_gangilonga:
Asanteni sana, naanza na Ctrl+R leo. Na wanaosoma sol-fa, yaani herufi d, r, m badala ya nota?

silabi_tukuyu:
Ziandike kama ubeti mwingine, kisha zichague na kubonyeza X zipande juu ya mistari. Mkishusha wimbo kutoka G hadi F, herufi hazibadiliki, kwa kuwa d inafuata ufunguo. Nukta za mapigo zikagueni moja moja, programu haizijui.