UKOO WA BIBI 🌙: usiku wa mashairi

*Jumanne*

Shangazi Zuhura: Assalaam aleikum wote. Kama nilivyosema mwaka jana na mkaitikia, usiku wetu wa mashairi ni Jumapili ya mwisho ya Februari. Mada: BARIDI INAISHA. Kila nyumba ilete kitu kimoja, shairi au wimbo. Dakika tano, si zaidi. Majina nayataka kesho jioni.

Shangazi Zuhura: Naona tiki za bluu. Watu kumi na moja mmeshasoma.

Shangazi Zuhura: Kumi na wawili.

Juma: Waaleikum salaam Shangazi. Mimi nimesoma kwa bahati mbaya

Shangazi Zuhura: Juma unaleta nini?

Juma: Masikio

Nasra: Waaleikum salaam, shikamoo Shangazi. Naomba kuuliza. Mada ni baridi inaisha, au ni majira ya kuchipua yamefika? Maana hayo ni mambo mawili.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Ni jambo moja mwanangu, likiisha hili linaingia lile. Nataka maua, ndege, jua. Watu wachangamke.

Nasra: Shangazi, anayekaa kwenye theluji ni mimi. Mwisho wa Februari hakuna ua hata la dawa. Theluji iliyobaki kando ya njia imekuwa nyeusi kwa moshi wa magari. Mchana unakanyaga maji, usiku yanaganda unateleza. Glavu niliyoipoteza Desemba, jana imeibuka mbele ya mlango, bapa. Mkinisomea maua usiku huo nitazima simu. Ila kuna mashairi ya wakati huuhuu wa katikati, na hayo ndiyo matamu.

Juma: Glavu imefufuka kabla ya maua 😂

Mama Tunu: Na sisi wa huku Australia mnatuweka wapi? Huku joto ndiyo kwanza linakwisha. Baridi yetu inaisha Agosti.

Juma: Shangazi Mama Tunu wewe soma, sisi tutasikiliza tumepindua simu

Shangazi Zuhura: Juma toka njiani. Mama Tunu, utaleta chochote, mradi kiwe na tumaini. Nani mwingine? Kaka Hamadi? Salimu? Baba Tunu?

Tima: Mimi naleta Schubert, nitaimba mwenyewe. Safari ya baridi, wimbo wa kumi na moja.

Shangazi Zuhura: Una furaha?

Tima: Unaanza kwa furaha

Shangazi Zuhura: Tima.

Tima: Shangazi nisikilize kwanza. Nyimbo ziko 24, alizitunga 1827, maneno ni ya Wilhelm Müller. Kwenye huu wa kumi na moja mtu anaota maua ya mwezi Mei, majani mabichi, ndege wanaimba. Muziki unabembea kabisa. Halafu jogoo wanawika, anaamka, giza, baridi, kunguru juu ya paa. Anatazama dirishani anaona majani yamechorwa kwenye kioo. Ni jalidi tu. Anauliza nani aliyeyachora hayo majani. Kisha anafumba macho tena, moyo bado unapiga kwa joto. Maua unayoyataka yamo, ila yamo kwenye kioo!

Nasra: Ndicho ninachosema tangu asubuhi.

Shangazi Zuhura: Na mwisho wake?

Tima: Mwisho wa wimbo au mwisho wa nyimbo zote?

Shangazi Zuhura: Zote.

Tima: Mzee yuko nje ya kijiji, pekupeku juu ya barafu, anazungusha kinanda chake cha mkono, kisahani chake hakina hata senti

Juma: Watu wachangamke 🎉

Shangazi Zuhura: Ishia wa kumi na moja.

*Jumatano*

Baba Mkubwa Hamadi: Nimesoma yote toka jana. Nasra hajasema analeta nini.

Nasra: Shikamoo Baba Mkubwa. Naleta la Edward Thomas, Mwingereza. Mistari minne tu. Linaitwa "Thaw", yaani theluji inapoyeyuka. Ardhi ina madoadoa ya theluji iliyoyeyuka nusu. Kunguru wako juu ya miti kwenye viota vyao, wanapiga kelele, na kutoka huko juu wanaona tusichokiona sisi wa chini: baridi inapita. Basi, limekwisha. Aliliandika 1916 akiwa tayari jeshini. Aprili 1917 akauawa Arras, Ufaransa.

Baba Mkubwa Hamadi: Marahaba. Mistari minne ni ubeti, siyo shairi.

Nasra: Kwao ni shairi zima.

Baba Mkubwa Hamadi: Basi huyo wa mistari minne hatakatwa. Mimi mwaka jana nilizimiwa maikrofoni nikiwa ubeti wa tisa.

Shangazi Zuhura: Kaka, ulikuwa na beti thelathini na sita. Tulikubaliana dakika tano.

Baba Mkubwa Hamadi: Aliyekubaliana ni nani?

Shangazi Zuhura: Ujumbe upo, panda juu utauona.

Baba Mkubwa Hamadi: Mtu hakatwi katikati ya ubeti. Ungengoja kibwagizo. Hata Baba, Mungu amrehemu, alipokuwa hataki kusikia alingoja kibwagizo ndipo anakohoa.

Mama Tunu: 😂😂 kile kikohozi

Juma: Mimi nimeshapata wimbo. Here Comes the Sun. George Harrison wa Beatles, 1969. Baridi ya Uingereza imemchosha, na vikao vya kampuni yao vimemchosha. Siku moja akakwepa kikao, akaenda bustanini kwa rafiki yake Eric Clapton, akachukua gitaa, jua hilo, wimbo ukaja. Kwa hiyo wimbo wangu unafundisha kukwepa vikao vya watu wanaohesabu tiki za bluu

Shangazi Zuhura: Umeandikwa. Juma, namba tatu. Huo ni mzuri, una jua.

Nasra: Na hata huo hausemi jua limekaa. Linakuja tu, na kabla ya hapo baridi ilikuwa ndefu.

Shangazi Zuhura: Nasra mbona unanigombeza kwa kila wimbo? Haya, mimi mwenyewe naleta Vivaldi. Majira Manne. Nilitaka ule wa kuchipua.

Tima: Shangazi piga ule wa baridi, sehemu ya mwisho! Zote nne zilichapishwa 1725, na kila mojawapo ina soneti yake, yaani shairi la mistari kumi na minne. Mwanzo wa sehemu hiyo mtu anatembea polepole juu ya barafu akiogopa kuanguka, anaanguka, anainuka, anakimbia mpaka barafu inapasuka. Halafu unasikika upepo wa kusini, siroko, unapigana na ule wa kaskazini. Na soneti inamalizia kwamba hii ndiyo baridi, lakini yenye kuleta furaha.

Shangazi Zuhura: Furaha! Mmeona? Imo. Naleta huo.

Nasra: Na maua hayamo 🙂

Shangazi Zuhura: Salimu? Baba Tunu? Jamani leo ni Jumatano na nilisema Jumatano.

Nasra: Baba Mkubwa, kwa ajili yako nimelivisha kanzu lile la Thomas. Si tafsiri, nimechukua kunguru wake tu:

Theluji imebanduka, paa laanza kutona,
Njia zimejaa taka, mchana mrefu tena,
Koti sijalitundika, upepo wauma sana,
Kunguru juu waona, sisi chini twauliza.

Mama Tunu: Mashallah Nasra 👏🏾👏🏾

Baba Mkubwa Hamadi: Mstari wa pili, utao, kile kipande cha pili. Nahesabu mizani sita.

Nasra: Nane, Baba Mkubwa. M-cha-na m-re-fu te-na. M zote mbili zinahesabiwa.

Baba Mkubwa Hamadi: Naam, nane. Nilikuwa nakupima.

Juma: 💀

Baba Mkubwa Hamadi: Vina vimesimama. Koti limenipendeza, maana hukusema baridi, umesema koti. Sasa niletee beti nyingine sita.

Shangazi Zuhura: ASILETE. Dakika tano.

Tima: Jamani, niko kwa Bibi. Nimemsomea kila kitu toka Jumanne. Anataka kusema, naandika anavyotamka.

Bibi (simu ya Tima): Nimesomewa shairi la Nasra. Amepatia. Ila kunguru wa nyumba hii anajijua, yuko juu, anaona, kanyamaza.

Shangazi Zuhura: Shikamoo Mama.

Mama Tunu: Shikamoo Mama

Nasra: Shikamoo Bibi

Juma: Shikamoo Bibi 🙏🏾

Bibi (simu ya Tima): Marahaba. Mnatafuta nyimbo za baridi ya watu, vizuri, someni. Na lile la baba yenu la mwisho wa kipupwe? Mimi ninacho kibwagizo tu. "Kusi imetua tanga, demani yabisha hodi." Beti zimenitoka. Beti zimo daftarini.

Bibi (simu ya Tima): Salimu.

Tima: Amemaliza hapo. Amesema nitume hivyohivyo.

*(Kwa muda wa saa nne hakuna aliyeandika.)*

Juma: Nilikuwa na utani hapa lakini nimeufuta

Baba Mkubwa Hamadi: Lile shairi nalikumbuka vipande vipande. Halikuwa na maua. Kulikuwa na vyombo vilivyopandishwa ufukweni vinashushwa maji, na mtu anakagua kamba mojamoja maana bado haiamini bahari. Alikuwa akilisoma upepo wa kusi ukianza kupungua, kabla haujaisha. Ukiisha halisomi tena.

Nasra: Kabla haujaisha!! Baba Mkubwa huo ndio ugomvi wangu wote na Shangazi.

Shangazi Zuhura: Nasra si sasa.

Mama Tunu: Mimi sitaki kufukua yale ya baada ya arobaini. Nasema tu sanduku lilifungwa mbele ya watu wote, na lilipofunguliwa hatukuwa wote.

Baba Mkubwa Hamadi: Umeshafukua.

Mama Tunu: Basi nimefukua.

Shangazi Zuhura: Turudi kwenye ratiba. Tima namba moja, Nasra mbili, Juma tatu, mimi nne, Kaka Hamadi tano. Saa mbili usiku.

Mama Tunu: Saa mbili ya nani? Kwangu itakuwa alfajiri.

Juma: Shangazi Mama Tunu alfajiri ndiyo vizuri, ndege watakuwa wanaimba nyuma yako, Shangazi Zuhura apate anachokitaka

*Alhamisi*

Ami Salimu: Nimeona.

Shangazi Zuhura: Umeona nini Salimu? Ratiba au?

Shangazi Zuhura: Salimu?

Ami Salimu: Nilikuwa kazini. Shikamoo Mama. Daftari lipo, halijapotea, wala sikulichukua kama inavyosemwa. Nililitoa kwenye unyevu. Karatasi zimeshikana, ukilazimisha zinachanika. Shairi la kusi liko ukurasa wa ndani na wino umetawanyika kwenye beti mbili. Nitapiga picha kurasa zinazosomeka nizitume hapa, atakayetaka asome Jumapili.

Nasra: Ahsante sana Ami. Hata hizo beti mbili tupigie picha, pengine tukizikuza zitasomeka.

Mama Tunu: Picha.

Shangazi Zuhura: Picha ni nzuri kwa kuanzia. Salimu uwe namba sita. La mwisho, la Baba. Au Kaka Hamadi alisome, sauti yake inafanana.

Baba Mkubwa Hamadi: Nitalisoma kama sitakatwa.

Shangazi Zuhura: Hutakatwa.

Baba Mkubwa Hamadi: Andika hapa watu waone. Beti zote.

Shangazi Zuhura: Kaka Hamadi hatakatwa kwenye shairi la Baba. Lake mwenyewe ni dakika tano.

Bibi (simu ya Tima): Salimu, sikusema picha.

Ami Salimu: Nimekusikia Mama.

Juma: Tima kamletee Bibi maji

Tima: Amekunywa. Ananitazama tu, anangoja nimsomee jibu.

Ami Salimu: Nitakuja nalo. Siwezi kuahidi Jumapili hii, mpango wa safari si wangu peke yangu. Mwezi wa tatu nadhani.

Bibi (simu ya Tima): Mwezi wa tatu una siku thelathini na moja.

Ami Salimu: Nitaangalia Mama.

Shangazi Zuhura: Basi tusogeze? Watu wa hali ya hewa wanahesabu kuchipua kuanzia tarehe 1 Machi, na wanaofuata jua wanasema 20 hivi, usiku na mchana zinapolingana. Tukisogeza mpaka hapo Salimu ameshafika, na maua yatakuwepo hata kwa Nasra.

Nasra: Shangazi, tukisogeza mpaka maua yaje, lile la Thomas halina kazi tena. Wala la Babu.

Baba Mkubwa Hamadi: Nasra amesema kweli.

Shangazi Zuhura: Kwa hiyo Jumapili ni ileile? Nijibuni, mkono juu anayetaka ileile.

Juma: 🖐🏾

Nasra: 🖐🏾

Tima: 🖐🏾 Bibi anasema yeye mikono yote miwili ila Salimu asidhani amesamehewa

Mama Tunu: Sijajibiwa kuhusu saa.

Shangazi Zuhura: Saa nitaituma. Baba Tunu hujasema neno tangu Jumanne, unaleta nini?

Baba Tunu: Salaam. Ndiyo naona sasa, simu ilikuwa chaji. Kuna nini Jumapili?